Makopo Mawili, Mkomani

Kiwanda changu jua hulipata kwa mkopo:
huingia saa tano, likagusa kingo ya birika,
saa saba limeshapanda ukuta, limekwenda.
Kwa hiyo swali lilikuwa dogo, na halikuisha:
kopo lipi likae pale panapowaka?

Krotoni alikuja nayo kaka yangu, Bunu,
kutoka Malindi, mapajani, basi na boti,
akaishusha gatini kama aliyebeba mgonjwa.
Ikafika, ikanuna.
Siku ya nane ilikuwa fimbo tupu,
majani yote sakafuni, yakilia chini ya ndara.
"Itarudi," akasema Bunu, "iache na hasira zake."
Ikarudi. Miezi mitano, jani baada ya jani,
kama mdeni mwaminifu asiye na haraka.

Koleusi sikuinunua. Famau, yule wa punda wa mchanga,
alivunja kijiti kwenye ua wa watu huko Shela,
akanipa kimenyauka, kimekaa mfukoni na kipande cha kamba.
Nikakitia kwenye chupa ya asali.
Siku ya tano kina ndevu.
Mwezi haujaandama kimejaa kopo
na kinauliza kama lipo jingine.

Wakati ule macho yangu yalikuwa na utandu wa maziwa.
Miaka arubaini ya kushona kofia, tundu kwa tundu,
ilikuja kudai chake.
Basi nilizilinganisha kwa vidole.

Krotoni: ngozi ya mkanda, baridi hata adhuhuri,
mshipa wa kati umesimama kama pindo lililoshonwa mara mbili;
ukiivunja hutoa utomvu,
doa la kahawia lisilosikia sabuni. Kanga yangu ya Idi inalo.

Koleusi: sikio la mwanambuzi.
Na shina lake lina pembe nne. Nilizihesabu, nikarudia,
mmea wenye kona kama njiti ya kiberiti!
Usipoinywesha asubuhi, alasiri imelala;
ukiinywesha, kabla ya isha imeamka,
haina kinyongo.

Mwanahidaya wa nyumba ya pili akasema,
"Ile ya Bunu ina maringo. Hii ina adabu."
Nikamwambia, anayezimia kila siku hana adabu,
ana njama.
Tukacheka. Akakata kijiti, akaenda nacho kwao.
Kesho yake akaja mwingine. Sikuhesabu.

Kisha nikaenda Malindi kupasuliwa macho. Wiki tatu.

Niliporudi, bandeji imetoka,
kopo la koleusi lilikuwa na kitu cheusi,
kitambaa kilichokamuliwa kikasahauliwa.
Mwanahidaya alikuwa arusini Siu. Sikumlaumu kwa sauti.
Na krotoni,
sikujua kuwa ina manjano.
Miaka yote niliiona kijani tu, kijani cha mtu mkimya,
kumbe imerashiwa dhahabu, nukta ovyo ovyo,
hakuna jani lililofuata la mwenzake,
kazi ambayo ningemfumulisha mwanafunzi wangu
na kumwambia aanze upya.
Nikakaa nayo mpaka jua likapanda ukuta.

Baadaye nikatoka kuitafuta ile nyingine,
maana nilikuwa sijaiona hata siku moja.
Uchochoro mzima umeota: dirishani kwa Mwanahidaya,
barazani kwa kina Shekuwe,
kwenye ndoo iliyopasuka ya muuza mahamri.
Mekundu, zambarau, mengine yamepigwa ukingo
wa kijani kibichi kama uzi wa kofia ya bwana arusi.
Na mimi sijui lipi ni langu.
Macho mapya hayana kumbukumbu.

Nikayafumba, mtu mzima njiani,
nikanyoosha mkono juu ya ndoo.
Sikio la mwanambuzi. Nikashuka shinani.
Pembe nne.

"Wataka kijiti?" akaniuliza muuza mahamri.
"Hakina taabu, bibi. Kitie majini tu."