Kunja Uso

Alhamisi, Ibra, kabla basi la skuli halijapiga honi,
chai ya maziwa ilimchuruzika Mundhiri
pembe ya kushoto ya mdomo, ikaroanisha kanzu.
Nikamgombeza. Nilidhani mzaha.
Akacheka: nusu ya uso ikacheka,
nusu ya pili ikakaa tu
kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba.

Bi Rayya, mama wa baba yake, akashika shungi:
"Kibao cha jini. Jana kamwaga maji ya moto uwani
bila bismillahi."
Shemeji naye kwenye simu, toka Maskati:
"Kiyoyozi hicho! Mnamlaza mtoto barafuni."
Mimi sikusema langu.
Langu lilikuwa baba yangu, kiharusi,
mdomo alioingia nao kaburini.

Daktari Sujata, Kiarabu chake cha kuazima kama changu,
aliuliza: ghafla, au polepole?
Homa? Sikio? Alianguka? Anatembea sawa?
Akampima presha kwa mkanda mdogo wa samawati,
akamulika sikio, akatafuta malengelenge,
akampa vidole vyake viwili avibane.

"Sasa kunja uso. Kasirika. Mama kakunyima simu."
Kulia, paji likajipanga mistari.
Kushoto, laini kama yai.
Machozi yakanitoka. Yeye akashusha pumzi.
"Afadhali," akasema. "Ingekuwa ubongo,
paji lingekunjika."

Hebu fikiri: kushukuru
kwa kuwa kilicholala ni kingi zaidi.

Akanichorea nyuma ya karatasi ya dawa:
mshipa mmoja wa fahamu, na mfereji wa mfupa
nyuma ya sikio, mwembamba. Ukivimba hauna pa kwenda.
Nikaiona falaji yetu, kokoto moja kooni,
na majani ya mbuzi yamekauka hadi ukutani.
Kilichouvimbisha? Labda mafua ya juzi.
Labda hatutajua. Jina la ugonjwa huu
ndilo linalobaki chumbani
majina mengine yakishatoka.

Wiki, akasema, si siku. Mrudishe Jumanne.

Usiku namtia matone, nalishusha kope kwa kidole,
nalibandika plasta. Bi Rayya anamsomea, namwachia;
plasta haigombani na Ayatul Kursiyu.
"Mama, jicho lisilofumba
linaota peke yake?"

Kunja uso, namwambia gizani.
Sioni kitu.
Naweka kiganja pale, kushoto, nangoja.