Jumatano ya Salvu

Siku kumi za likizo nilizipanga mwenyewe
kwenye karatasi ya miraba, kwa kalamu mbili:
buluu ya watoto, nyekundu ya mama yako
anayetaka kila kanisa lenye mfupa wa mtakatifu.
Wewe hukuomba rangi.
Uliomba Jumatano.

Nilikuwa nimekwisha kuuona ufito,
vipande vinne ndani ya taulo langu la kuogea,
umelazwa sandukuni kama mtoto wa kuibwa.

Malta hakuna mto, Salvu.
Kuna mvua ya Novemba inayoteremka barabarani
saa mbili, kisha vumbi.
Ulijifunza kurusha mshipi juu ya paa,
kati ya matangi ya maji na kamba za nguo,
ukilenga beseni,
majirani wakisema mume wa Ġiorġa anavua hewa.
Miaka mitatu.
Mara moja ulinasa shuka la Karmni wa nyumba ya pili,
ukampelekea limekunjwa.

Blaž alikuja kabla ya jogoo,
gari lake likinuka mbwa aliyelowa.
Akafungua kijaluba chako, akavichambua vinzi vya unyoya
ulivyovifunga kwa majira mawili ya baridi,
akavitia vyote mfukoni mwa shati lake.
"Hivi ni vya kuwafurahisha wavuvi," akasema kwa Kiitaliano,
"samaki havimhusu."
Akakupa kimoja, cha kijivu, hakizidi punje ya mtama.

Kibali cha siku moja: bei ya vyumba vyetu usiku mbili.
Nilimeza. Nikafunga mlango.

Sisi tukaenda kwenye makumbusho ya vita.
Mama yako alisoma majina ya askari kwa sauti,
yote kimakosa, yote kwa huruma.
Żak akauliza kwa nini milima imetobolewa.
Kisha aiskrimu. Kisha daraja la kamba
linalotikisika juu ya Soča,
na Leandra akasema maji yana rangi ya dawa ya meno,
wala sijapata neno bora tangu hapo.

Chini, mtu amesimama mtoni, maji kiunoni.
Ilinichukua muda kujua ni wewe.

Mshipi ulikwenda nyuma,
ukangoja.
Wewe! Usiyengoja birika lichemke.
Ukaja mbele, ukajikunjua taratibu,
na kile kinzi kikatua
kama anayetoka chumbani mtoto akiwa amelala.
Maji yakapasuka. Ufito ukapinda.
Blaž hakufunua mikono yake kifuani.

Trauti wa marumaru, mrefu kama mkono hadi kiwiko,
mgongo wenye michirizi ya altare.
Ulimshika chini ya maji, uso wake kwa mkondo,
mpaka akakumbuka alikokuwa akienda.
Nawe ukabaki umeinama, mikono majini,
ukiitazama nafasi yake.

Żak alitaka kukuita.
Nilimziba mdomo kwa kiganja cha aiskrimu.

Jioni ulikuja, midomo ya zambarau.
"Umepata?" akauliza mama yako.
"Sikupata kitu."
"Mkono mtupu haulambwi," akasema, akikusogezea mkate,
nawe ukautabasamia mkate.

Nilikasirika, kidogo,
hadi nusu ya bakuli la supu.
Miaka kumi na tisa tumegawana kila kitu,
hata mswaki, ile safari ya Gozo.
Halafu hasira ikateleza, sijui ilikopitia.
Labda mtu anahitaji samaki mmoja
asiyekuwa wa familia.

Usiku niliitoa karatasi.
Alhamisi: pango, kanisa, pango.
Sikutumia buluu wala nyekundu.
Nilichukua wanja wangu wa nyusi, nikaifuta siku nzima.

"Kesho watoto ni wako," nikakuambia gizani.
"Na mama."
"Unakwenda wapi?"
Sijui bado.
Lakini nikirudi, ukaniuliza,
sikupata kitu.