Shanga Sitini

Mjomba Endel, nimetunga tena shanga sitini.
Si za shingoni. Zimo ndani ya kompyuta,
uzi mmoja unaotikiswa na joto,
na kila ushanga umebeba bendera, au haukubeba kitu.
Bendera maana yake: amka.
Chini yake imelala jeni
inayoiita ngano yako ichanue.

Ni saa tisa usiku hapa Tartu.
Mto umeganda kingoni, katikati bado mweusi.
Vello amesinzia juu ya milinganyo,
shavuni amechapwa herufi ya Kigiriki.

Nikuambie kinachoninyima usingizi.
Seli ikijigawa, bendera nazo hugawanywa,
nusu huku, nusu kule,
kama warithi wasiongoja matanga yaishe.
Na bado mtoto anakumbuka.
Modeli yangu ya kwanza ilisahau kizazi cha tano.
Nikaziamuru shanga: kila mmoja uige jirani yake.
Zikasahau kizazi cha tisa.

Jana nikauachia uzi ujikunje.
Ushanga wa tatu ukaugusa wa hamsini na moja,
vya mbali vikanong'onezana,
na penye pengo bendera ikaota upya.
Vizazi mia. Mia mbili.
Nililia kidogo. Usimwambie mama.

Kumbe ngano ni ngano kweli:
seli iliyozaliwa Mei
inasimulia Januari ambayo haikuiona.

Ulinipigia simu: "Viive, wewe mtu wa hesabu,
theluji mwaka huu imekaa wiki tatu, ikawa tope.
Shamba limepata nusu ya baridi.
Litachanua nusu?"
Nikajifanya mtandao unakatika.

Sasa nina jibu, lichukue lilivyo.
Hakuna seli inayoamka nusu.
Kila moja ni gololi juu ya kigongo
kati ya mabonde mawili; huyumba, huyumba,
kisha huangukia upande mmoja na kutulia huko.
Baridi haiisukumi gololi.
Huinamisha kigongo, kidogo kidogo, kila usiku,
mengine ni nasibu.
Hiyo nusu yako, mjomba, ni hesabu ya walioamka kabisa
wakisimama bega kwa bega na waliolala kabisa.

Hivi ndivyo zinavyosema shanga zangu.
Shamba halijasema.
Nitakuja mwezi wa sita, na viatu vya tope safari hii,
unionyeshe suke moja moja.