Kicheko cha Kuazima

Baridi ya tatu tangu ardhi itikisike
bado tulikuwa tunaishi ndani ya kontena, pale Gyumri,
dirisha moja lililokatwa kwa moto wa gesi
na mlango usiofunguka mpaka uupige teke
chini kidogo ya kitasa, kushoto.
Wageni hawakujua. Walibisha kwa adabu, wakaganda nje.

Jiko lilikula kila kitu:
miguu ya viti, viatu vilivyopoteza wenzake,
mbao za sakafu ya shule iliyoanguka.
Mama alichoma hata kabati la harusi yake,
droo kwa droo, akabakiza kishikio kimoja cha shaba
kwa sababu, alisema, shaba haiwaki.

Ndipo alipoleta desturi yake.
Kabla ya Baba Yetu, kila aliyeketi atoe
kitu kimoja kilichomchekesha siku hiyo.
Sadaka, aliita. Hakuwa anatania.
"Machozi ya mtaa huu Mungu anayo tele," alisema,
akikunja mkate mwembamba kama leso,
"tusimpelekee kitu kilekile kila siku
kama watu wasiolelewa."

Nilitoa mbuzi wa jirani
aliyetafuna tangazo la mgawo wa mafuta ya taa.
Dada yangu Shushan alimtoa mwalimu wake
aliyefundisha jiografia na soksi mikononi,
akionyesha ikweta kwa kidole kisichoonekana.
Siku nyingine tulileta vitu vya aibu,
kicheko chepesi kama supu ya Kwaresima.
Mama alipokea vyote. Hakupima.

Mjomba Smbat alikaa karibu na mlango, koti havui.
Wanawe wawili walikuwa darasani asubuhi ile.
Zamu yake ikifika, alitazama viatu.
"Sina."
"Basi azima. Chukua cha mtoto. Utarudisha."
Naye aliazima, usiku baada ya usiku,
akimsimulia mbuzi wangu kwa sauti ya mtu anayesoma risiti.
Deni likapanda. Mama aliliandika ukutani kwa mkaa,
vijistari vitano vitano, kama mwenye duka.

Siku moja nilimuuliza kama huo si ukatili.
Akanikumbusha Sara nyuma ya pazia la hema:
alicheka kwa kutosadiki, kicheko kichungu
cha tumbo lililokauka, kisha akakikana.
"Mungu hakumpiga," Mama alisema.
"Alikichukua kichungu kilekile, akakipa miguu na jina,
kikalilia ziwa usiku."

Sikukuu ya Kuzaliwa akaja Kasisi Vrtanes
kubariki mkate, chumvi na maji.
Yeye aliujua mlango. Akaupiga teke. Akaupiga mno.
Bomba la moshi likachomoka, likapumua mara moja,
na masizi ya baridi tatu yakamshukia kasisi
ndevu, joho, msalaba, kitabu;
yakabaki macho mawili tu na nusu ya Amina mdomoni.

Kimya.

Kisha, kwa upole mkubwa: "Amani iwe ndani ya nyumba hii.
Kama bado ipo. Mimi sioni."

Sauti ilitoka karibu na mlango. Tulidhani kikohozi.
Mjomba Smbat alikuwa ameinama, kiganja ukutani
juu ya vijistari vyake, akivifuta bila kujua,
akicheka, kisha akilia, kisha sijui;
mpaka haukuwepo na hakuna aliyeutafuta.
Kasisi akamkumbatia. Masizi wakagawana.
Mama alisimama na mkate mkononi.
"Umelipa," alisema. Halafu: "Na chenji yako hii hapa,"
akamkatia kipande.

Wavulana hawakurudi. Theluji ilikaa hadi Aprili.
Kesho yake alikaa palepale, koti havui,
akasema sina. Akaazima.

Leo nina nyumba yenye mlango mpole.
Mama yuko kilimani, chini ya jiwe la waridi.
Tangu asubuhi napekua siku hii kama mifuko ya koti la zamani:
barua ya hospitali, habari za mpakani, bili.
Mkate uko mezani. Wanangu wananisubiri nianze.

Mjomba, niazime kasisi wako.
Nitarudisha.