Namba Thelathini na Tisa

Asumini Ng'itu alipeleka ghalani magunia saba
na mashine ikasema hayupo.
Haikusema kwa ubaya. Ilisoma Ng, ikafika kwenye kile kimkia,
ikadhani neno limekwisha,
ikaanza jingine: itu.
Hakuna mkulima wa Newala aitwaye Itu.

Stakabadhi anayo, ameikunja mara nne ndani ya kava la simu.
Wenzake walilipwa tangu mnada wa pili.
Yeye amekuja Jumatatu, amekuja Jumatano, na leo,
na kila akija karani Mchopa hunitazama mimi
kana kwamba ni mimi niliyemfuta.

Basi nimebaki ofisini, nyuma ya mizani.
Ukungu umeshuka mpaka dirishani,
maji ya chai nimeyapima, dumu ni la wiki nzima,
na ninatengeneza jedwali.

Vyumba mia mbili hamsini na sita.
Napita mlango kwa mlango kama mtu wa sensa:
Hodi. Wewe ni herufi? Ni tarakimu? Ni nafasi tupu?
Una mkubwa wako? Mdogo wako anakaa wapi?
Wa sitini na tano hujibu haraka: mimi ni A,
mdogo wangu yuko vyumba thelathini na viwili mbele.
Wote wa mtaa ule wanajuana. Wamepangwa vizuri,
waliwahi viwanja.

Ukivuka mia na ishirini na saba, kimya.
Aliyeujenga mtaa alidhani huko hakaai mtu.
Nabadilisha lugha ya mahali, nabisha upya:
mia mbili thelathini na moja anafungua, kumbe ç,
mia mbili ishirini na saba, ã,
na mama Conceição, aliyevuka Ruvuma mgongoni kwa mama yake
mwaka wa vita, ambaye kijiji kizima humwita Konseisau,
amepata jina lake, kwa kubwa na kwa ndogo.
Nikacheka peke yangu.

Lakini thelathini na tisa, kile kimkia,
kwa kila lugha niliyoiweka alinijibu lile lile:
mimi si herufi, mimi ni alama tu.
Nikamwambia, wewe hujakaa Newala.
Huku ukikosekana wewe, kung'oa kunabaki ngoa,
mtu ameshika jembe anaonekana ana wivu.
Nikamwandika kwa mkono wangu: herufi.

Saa sita usiku Ng'itu akatokea, mzima, na magunia yake saba.
Na chini yake kikatokea kijiji nisichokijua,
chenye wakulima mia mbili na kumi,
jina lake
'
basi, hivyo tu.
Nikapita kichwani kata zote mpaka bondeni mtoni, sikukiona.
Ndipo nikamkumbuka Mchopa na daftari zake:
akichoka kuandika Chitekete, Chitekete, Chitekete,
huweka kimkia, maana yake kama hapo juu.

Jedwali halijui jirani.
Ndiyo maana lina mbio, na ndiyo maana linakosea.
Humuuliza kila mmoja akiwa peke yake chumbani,
haliwezi kusema: ukitanguliwa na n na g wewe ni herufi,
ukisimama mwenyewe
wewe ni uvivu wa Mchopa.

Nimemwachia uherufi wake.
Kile kijiji nitakivunja kesho, mstari kwa mstari,
Mchopa akinisomea daftari,
na soda atanunua yeye.

Asubuhi Asumini amekuja kabla sijafungua mlango.
Nimemwonyesha jina lake kwenye kioo. Amelitazama kidogo,
kama mtu anayeonyeshwa mguu wake mwenyewe.
"Ndiyo mimi," amesema.
"Sasa salfa ya mwakani inakuja lini?"