Kibaba Kisicho na Kitako

Mutheu alinikodi mimi na mkokoteni wangu,
mitungi sita, maji ya bomba la Mathare,
wala hakusema ni ya kumwaga.

Tulifika Karura umande ungali majanini.
Mkokoteni ukabaki langoni,
nikabeba mtungi begani hadi chini ya muhugu,
miguu ikididimia kwenye majani makavu
kama kwenye godoro la watu wenye pesa.

Akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia, umekatwa kitako,
akaugongomea ardhini kwa jiwe,
akatazama saa.
"Mwaga."

Maji yakazunguka mara moja,
kama mbwa anayetafuta pa kulala,
kisha hayapo.
"Tena."
Hayapo.
Mtungi mzima! Nauuza shilingi ishirini,
thelathini bomba likikauka,
na udongo umekunywa bila hata ahsante.

Haba na haba hujaza kibaba, nikamwambia,
lakini hiki chako, dada, hakina mwisho.
Akacheka. Akachimbua konzi moja ya udongo mweusi,
akanisogezea puani: uyoga, na mvua ya zamani.
Tazama, tundu la mnyoo. Hii njia ya mchwa.
Na huu mzizi ulioza kitambo,
ukaacha nafasi yake wazi
kama mpangaji aliyehama bila kufunga mlango.
"Humu," alisema, "kila kilichokufa kimeacha njia."

Adhuhuri tukawa uwanja wa mpira, nyuma ya kwangu.
Mkebe uligoma kuingia. Jiwe likapasuka.
Nikamwaga kidogo tu.
Yakakaa.
Dakika kumi. Ishirini. Mutheu anaandika.
Okisai, mtoto wa jirani, akainama
akaona uso wake mle, na wingu nyuma yake.

Usiku wingu likashuka.
Kila tone lilipiga hodi uwanjani,
hodi, hodi, udongo haukuitika,
miguu yetu ya miaka mingi imeukaza ukawa sakafu.
Basi maji yakaja kwangu,
ambako mlango haujawahi kufunga vizuri.

Naliaka alipandisha unga juu ya kabati,
watoto juu ya kitanda,
nami nikasimama gizani, maji vifundoni,
mimi muuza maji,
nikiuwaza mkebe ule chini ya muhugu,
jinsi ulivyomeza, ukameza,
na nilivyoona uchungu wa shilingi ishirini.

Asubuhi bomba lilikuwa kavu.
Mtungi ukapanda, thelathini.