Maziwa ya Ijumaa

Serikali ilinipa kiinua mgongo, nikanunua goti.
La kulia, la chuma na plastiki,
baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama mbele ya ubao.
Mwaka wa kwanza lilinitii: Pangani, ghorofa ya tatu,
na sikupumzika kwenye kidato hata kimoja.

Kisha likaanza kupata joto.
Si la kuunguza; joto la sufuria
iliyoepuliwa saa nzima iliyopita.
Jioni homa, usiku jasho, asubuhi mzima,
hata mwanangu Parsaloi akadhani nasingizia
nisiende kwenye harusi ya shemeji yake.

Daktari Okumbe alidunga sindano, akavuta maji.
Siku tano, hakuna kilichoota.
Karatasi ikasema: safi.
Goti likakataa kutia sahihi.

Ni Mwende wa maabara aliyegoma kuitupa ile sahani.
Aliirudisha kwenye kiatamizi, akaichungulia kila asubuhi
kama mwenye kuku.
Siku ya tisa zikatokea chembe,
ndogo, angavu, umande kwenye ukingo wa kikombe.
Alivaa barakoa ya pili kabla ya kupiga simu.

"Mwalimu, unakunywa maziwa ya wapi?"

Swali gani hilo? Ya ndugu yangu Lekishon.
Kila Ijumaa kibuyu kimoja kutoka Kajiado,
chenye harufu ya moshi wa mzeituni wa porini,
hakijui jiko, kwa sababu maziwa ya nyumbani
ukiyachemsha umeyatukana.

"Brusela," akasema Okumbe, akivua miwani.
"Kwenye goti bandia! Nimeisoma tu, sijawahi kuiona."
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakujua kuna watu watavaa magoti.

Wakafungua, wakang'oa chuma,
wakajaza saruji iliyokandwa na dawa,
nami nikaishi juu yake kama mpangaji chini ya turubai.
Sindano wiki tatu. Vidonge miezi mitano,
aina mbili, na moja ikapaka mkojo wangu rangi ya chungwa.
Siku niliyolia, leso nayo.

Goti la pili nitawekewa Juni, damu ikikubali.

Jana Lekishon alikuja mwenyewe, kibuyu kwapani.
Sikumwambia kitu. Niliwasha jiko, nikamimina.
Alisimama mlangoni, kofia mkononi,
tukayatazama yakipanda.
Nikapunguza moto.
Nikayaacha yapande tena.